Moto Mlimani Usiku: Uchawi, Upelelezi na Msomaji wa Gusii

Katika milima ya Kisii na Nyamira, yaani Gusii, nchini Kenya, kuna moto ambao karibu kila mtu amesimuliwa habari zake. Husemwa kwamba omorogi, yaani mchawi, hutembea usiku wa manane akiwa uchi, mkononi amebeba chungu chenye moto. Akifunua chungu mwanga huchomoza, akifunika hupotea, na aliye ng'ambo ya pili ya bonde huona nuru inayowaka na kuzimika mgongoni mwa kilima. Robert na Barbara LeVine, watafiti wa Kimarekani waliokaa na Wakisii katikati ya miaka ya 1950 na kuchapisha mwaka 1966 kitabu kuhusu jamii waliyoiita Nyansongo, waliikuta imani hiyo ikiwa hai. Mpe mwandishi wa riwaya mwanga huo huo, naye atauchukua kama dalili. Huenda ni chungu cha mchawi. Huenda pia ni mrina asali aliyechelewa mzingani, mwizi wa ng'ombe anayetafuta njia ya kushukia mtoni, kijana mwenye simu anayemfuata mpenzi wake, au jirani anayechimba shimo ambalo hataki lionekane mchana. Riwaya ya upelelezi yenye chembe ya uchawi huanzia hapo hapo, kwenye alama moja inayosomeka kwa namna mbili, huku msomaji akiwa bado hajaruhusiwa kuchagua.

Wengi hudhani wasomaji huzipenda riwaya hizi kwa ajili ya uchawi wenyewe, yaani hirizi, mizimu na paka weusi. Sikubaliani nao. Kama ingekuwa hivyo, hekaya tupu zingetosha, na Gusii ina hekaya za kutosha: emegano za jioni zimejaa amanani, majitu yanayomeza watu, na hazihitaji mpelelezi. Wengine husema kinachopendwa ni fumbo, lakini mafumbo safi yasiyo na uchawi yamejaa madukani, na bado msomaji huinuka kitini pale tu mzimu unapotajwa. Naamini kinachomteka ni kile kinachozaliwa viwili hivi vinapokutana, nacho ni hukumu iliyocheleweshwa. Uchawi huleta hofu inayotaka jibu sasa hivi: nani kafanya, ashikwe. Upelelezi huleta kanuni inayosema ngoja, bado hatujamsikiliza huyu, hatujauona ule mlango, hatujajua marehemu alikula nini. Msomaji huvutwa huku na huku kwa kurasa mia mbili, na mvutano huo ndio raha yenyewe. Mahali ambapo tetesi zimewahi kumfikisha mtu kwenye moto kabla hakujapambazuka, raha hiyo ina uzito ambao msomaji wa mbali hawezi kuujua.

Kiswahili kina mfano wake mkubwa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alikuwa bwana afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Kazi ya bwana afya ni kuuliza ugonjwa umetoka kisima gani, umepitia choo gani, umeingia nyumba ipi. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, na ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali yaonekana mzimuni, mahali pa kale panapoogopwa, na wenyeji hawana haja ya kuuliza zaidi, kwani mzimu umefanya kazi yake. Ndipo aingiapo Bwana Msa na kiko chake. Hachekelei hofu ya watu wala hahubiri. Anauliza tu, anapima, anarudi mahali pale pale mara ya pili. Abdulla alifuatisha na Kisima cha Giningi mwaka 1968, akilitumia jina ambalo Wazanzibari hulijua kuwa ni la makao ya wachawi, na baadaye Siri ya Sifuri na Mwana wa Yungi Hulewa. Ukiziangalia riwaya zile mbili za mwanzo utaona mwandishi aliyefahamu jambo moja kuhusu wasomaji wake: huwezi kumfundisha mtu kupima ushahidi kama hukukubali kwanza kuketi naye ndani ya hofu yake. Kama mzimu usingekuwa wa kutisha, kazi ya Bwana Msa ingekuwa hesabu ya darasani.

Kwa nini hofu ile haiishi hata dalili zote zikielezwa? Jibu zuri lilitolewa mwaka 1937 na E. E. Evans-Pritchard, aliyeandika juu ya Waazande wa kusini mwa Sudan ya wakati huo. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaumiza watu waliojipumzisha chini yake. Waazande wanajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Hakuna anayebishana kuhusu mchwa. Wanachouliza ni kwa nini ghala hili limeanguka saa hii hii, juu ya watu hawa hawa. Sayansi hujibu vipi, nao wanataka pia kujua kwa nini mimi. Kisii hali ni hiyo hiyo. Mtoto akifariki kwa malaria, ambayo imewahi kuzuka kwa kishindo katika nyanda hizi za juu, daktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kisii atasema malaria, na mama atakubali. Usiku utakapoingia atajiuliza kwa nini mbu amemchagua wake, wakati watoto watano wa nyumba ya pili wanacheza. Riwaya ya upelelezi iliyo kavu hujibu swali la kwanza na kulicheka la pili. Hekaya ya uchawi hujibu la pili na kulisahau la kwanza. Riwaya inayochanganya yote mawili ndiyo pekee inayokaa na maswali yote ambayo mfiwa hulala nayo, na ndiyo maana msomaji huhisi inamheshimu.

Wakisii wenyewe walikuwa na wapelelezi wao kabla polisi hawajafika. Omoragori, ambaye mara nyingi ni mwanamke, ndiye aliyeendewa na familia iliyopatwa na msiba aeleze chanzo chake: je, ni ebirecha, roho za wahenga waliosahauliwa, au ni kiapo kilichovunjwa, au ni mkono wa mtu? Akisema ni mtu, huenda akaitwa omoriori, mnusaji wa uchawi. Mtazame akiwa kazini. Anaingia nyumbani kwa wateja, anazunguka ndani polepole, anasimama pembeni mwa ukuta, anapiga udongo kwa vidole, anaomba jembe. Familia imejazana mlangoni. Anachimba chini ya sakafu au kwenye pembe ya paa na kutoa kifurushi chenye mfupa, nywele, kitambaa kilichokauka. Sauti za watu zinapanda, na sasa kuna kitu cha kushika mkononi. Tukio hili lina viungo vyote vya sura ya kitabu cha upelelezi: mahali pa tukio, mtaalamu, msako, ushahidi. Kinakosekana kiungo kimoja tu, mtu wa kuuliza kifurushi kilikuwa wapi dakika moja kabla hakijatoka ardhini. Je, kilikuwa ukutani, au kilikuwa ndani ya mkono wa shati? Mwandishi akimweka mhusika mmoja kwenye umati ule, labda binti wa shule ya upili aliyekuwa akiitazama mikono ya mtaalamu wakati wengine wote wakiitazama ardhi, riwaya tayari imekwisha anza.

Wapo wanaopinga mchanganyiko huu kwa jina la sanaa. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kiingereza aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliweka amri kumi za uandishi huo, na mojawapo ilikataza kabisa nguvu zisizo za kawaida. Hoja yake ina nguvu: kama muuaji anaweza kupita ukutani, msomaji ametapeliwa, kwani hakuna dalili ambayo ingemsaidia kulijua hilo. Lakini hoja hiyo inaupiga marufuku uchawi usio na mipaka, haiugusi uchawi wenye sheria. Randall Garrett, Mmarekani, aliandika katika miaka ya 1960 kuhusu Lord Darcy, mpelelezi wa dunia ambamo uchawi ni taaluma yenye kanuni na vyeti, na bado kila fumbo lake hufumbuliwa kwa kufikiri. Na imani ya Gusii, ukiisikiliza kwa makini, haina ulegevu ambao Knox aliuogopa. Amasangia, yale maradhi yanayosemwa huletwa na uzinzi wa mke, yana masharti yake: yanampata nani, yanamjia akiwa katika hali gani, yanaondolewa kwa ibada ipi. Kiapo cha emuma kina utaratibu, na kinamfuata aliyeapa uongo, hakimfuati yeyote tu anayepita njiani. Mwandishi anayezijua kanuni hizi anaweza kuzitandaza mbele ya msomaji tangu sura ya pili, na msomaji akashindana naye kwa haki.

Nii Parkes wa Ghana alionyesha njia nyingine katika Tail of the Blue Bird, riwaya yake ya mwaka 2009. Kayo, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti aliyesomea Uingereza, anatumwa katika kijiji cha Sonokrom ambako mabaki ya ajabu yamepatikana ndani ya kibanda. Ana vifaa vyote vya maabara. Wanakijiji wana mwindaji mzee na hadithi yake, inayosimuliwa taratibu juu ya mvinyo wa mnazi. Mwandishi hamlazimishi Kayo kuokoka wala mzee kutubu. Tzvetan Todorov aliandika mwaka 1970 kwamba fasihi ya ajabu huishi ndani ya kusitasita kwa msomaji, kati ya maelezo ya kawaida na yasiyo ya kawaida, na hufa mara tu anapoamua. Kayo ni mfano wa mtu anayesitasita kwa akili timamu, na sidhani kuna kazi ngumu kuliko hiyo.

Pingamizi zito zaidi halihusu sanaa. Linauliza kama ni halali kuwaburudisha watu kwa jambo linaloua. Kisii imeona mengi. Kuanzia mwaka 1992 wimbi la mauaji ya walioitwa wachawi lilipita Gusii, na Justus Ogembo akaliandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2006. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa moto katika wilaya ya Kisii. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu 1925, na haimwadhibu tu anayejidai kuwa mchawi. Inamfanya mkosaji pia anayemwita mwenzake mchawi, isipokuwa amelipeleka shauri hilo kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka. Haikuzuia lolote kati ya hayo. Basi, husema wapinzani, ya nini kuongeza kuni kwa vitabu?

Jibu langu ni kwamba tuangalie mauaji yale yanavyokwenda, kisha tuangalie riwaya inavyokwenda. Mauaji hutaka haraka: filimbi inapigwa, jina linatajwa, umati unafika, nyumba inawaka, yote kabla ya asubuhi. Mshukiwa haulizwi alikuwa wapi. Anayemtaja haulizwi atapata nini akifa. Na swali hilo la mwisho lina jibu ambalo wakazi hulisema kwa sauti ya chini: sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 957 katika kila kilomita ya mraba ya kaunti ya Kisii na 675 Nyamira, na mjane mzee anayeketi peke yake juu ya kipande cha shamba la migomba na chai ana adui ambaye hakuzaliwa na uchawi. Riwaya ya upelelezi haiwezi kuandikwa bila kuuliza maswali hayo. Nani anafaidika ni swali lake la kwanza. Agatha Christie alilifanya wazi katika The Pale Horse, mwaka 1961: vifo vinavyodhaniwa kuwa kazi ya wanawake watatu wa kijijini wanaojiita wachawi vinasababishwa na sumu ya thaliamu, na mwenye hatia amejificha nyuma ya imani ya watu. Unity Dow, aliyekuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana, aliandika mwaka 2002 juu ya msichana anayetoweka, polisi wakidai ameliwa na wanyama, huku wakubwa wanaotafuta dawa ya nguvu wakilindwa na hofu ya wadogo. Vitabu hivi vinamfundisha msomaji kumshuku anayenyosha kidole. Sijui mafunzo gani mengine yanayohitajika zaidi Marani.

Wazazi wacha Mungu nao wana neno, na Gusii ni nchi ya makanisa: Wakatoliki walifika Nyabururu na Waadventista Nyanchwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hawataki mtoto asome habari za wachawi. Wakatoliki miongoni mwao watakumbuka, hata hivyo, kwamba Biblia yao ina hadithi ya Susana katika kitabu cha Danieli. Wazee wawili wenye heshima wanamshtaki mwanamke asiye na hatia, mkutano unaamini kwa sababu ni wazee, na hukumu ya kifo imekwisha tolewa. Danieli, kijana tu, anasimamisha msafara, anawatenga mashahidi wale na kumuuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja anataja mti mmoja, wa pili mwingine. Mwanamke anapona. Sura inayofuata ina Danieli akimwaga majivu sakafuni mwa hekalu la Beli ili asubuhi nyayo za makuhani zionekane, na uongo kwamba Beli hula chakula usiku ukafichuliwa. Hadithi hizo mbili zina watu wenye hofu, mamlaka yasiyohojiwa, na mtu mmoja anayedai ushahidi. Mzazi anayempa mtoto kitabu cha aina hiyo hajamtoa kanisani.

Linabaki lalamiko ambalo naliona la haki kuliko yote. Wakisii wamechoka kutaniwa. Kwingine Kenya, mtu akijitambulisha kuwa ametoka Nyamira au mji wa Ogembo, kuna anayecheka na kumuuliza kama anakimbia usiku. Je, riwaya ya uchawi iliyowekwa Kisii haitakuwa mzaha mwingine, mrefu zaidi? Inaweza kuwa, ikiandikwa na mvivu. Wakimbiaji wa usiku wanasimuliwa pia na Waluo na Waluhya. Giningi iko Zanzibar. Salem, Marekani, ilinyonga watu 19 kwa uchawi katika mwaka wa 1692. Tofauti ni kwamba Salem imeandikwa na wenyewe mara nyingi sana, kwa huzuni na kwa akili, mpaka jina lake limekuwa onyo kwa dunia nzima dhidi ya mashtaka ya kundi. Ukimya haujawasaidia Wakisii. Umewaachia wacheshi uwanja.

Na uwanja huo una mengi kuliko moto wa usiku. Kuna Sakawa, nabii ambaye inasimuliwa alitembea mahali palipo mji wa Kisii leo akionyesha zitakaposimama nyumba za wageni ambao walikuwa hawajafika, kisha akatoweka mwanzoni mwa karne ya 20, na wafuasi wakakaa wakimngoja arudi. Nabii anayetoweka ni sura ya kwanza ya riwaya yoyote. Kuna Moraa, mwonaji aliyewachochea vijana dhidi ya Waingereza, na Otenyo, aliyemchoma mkuki afisa G. A. S. Northcote Januari 1908. Jeshi likaja likachoma na kuua, na tangu hapo wazee wanasimulia kwamba kichwa cha Otenyo kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Kichwa kiko wapi? Hapo pana fumbo lenye maiti, dola, dawa ya vita na makumbusho ya mbali, lenye mpelelezi anayeweza kuanzia Nyamira na kumalizia kwenye kabati la London. Mwandishi atakayelishika atakuwa na uchawi ndani ya kitabu bila mtu hata mmoja kucheka.

Wanaozidharau riwaya hizi kwa kuziita pendwa, kana kwamba kupendwa ni dosari, sitawajibu kwa kirefu. Tangu mtaala wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima la mtihani mwaka 1985, maelfu ya vijana wa Gusii, ambao nyumbani huongea Ekegusii, wamekutana na riwaya ya Kiswahili kama kitabu cha kujibia maswali. Kitabu cha kwanza watakachokisoma bila kulazimishwa ndicho kitakachoamua kama watasoma cha pili, na hicho hakiwi hotuba.

Jambo ambalo mwandishi wa riwaya hii lazima aliamue kwa uangalifu ni kiasi cha siri atakachokiacha bila kufumbuliwa. Akieleza kila kitu, swali la mama aliyefiwa linabaki limedharauliwa. Akiacha kila kitu, omoriori ameshinda na bibi kizee wa pembeni hana mtetezi. Mpaka ninaouona unafaa ni huu: lolote linalogusa hatia ya mtu lithibitishwe kwa ushahidi ambao mshukiwa mwenyewe angeweza kuujibu, na kinachoachwa gizani kiwe kile kisichoweza kumpeleka mtu jela wala motoni. Aliyemuua mjane ajulikane kwa jina, kwa shamba alilolitamani, kwa tope lililokauka kwenye viatu vyake. Ndoto aliyoiota mjane usiku ule kabla ya kufa, akamsimulia mjukuu wake, ikitaja mti ambao chini yake jembe lilikuja kupatikana, mpelelezi aiandike kwenye daftari na asiitie alama yoyote.